Nikisema maji ya maombi hayatibu kisukari, je, nimeumiza hisia za dini?

Mwalimu wa Uyole

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninafundisha baiolojia katika sekondari moja hapa Mbeya, na kwa miaka kumi hivi sasa sina dini. Nilikulia kanisani, kwa hiyo siandiki haya kama mgeni aliyechungulia dirishani. Ninachokishika ni utu: kwamba binadamu ana thamani kwa kuwa ni binadamu, kwamba jema na baya hupimwa kwa lile linalowapata watu, na kwamba mwenye kudai jambo juu ya ulimwengu huu alete ushahidi wake. Jumuiya za wahumanisti, yaani watu wanaoushika utu bila kutegemea dini, ziliandika misingi ya namna hiyo katika Azimio la Amsterdam la mwaka 1952, ingawa bibi yangu wa Tukuyu, ambaye Amsterdam hakuwahi kuisikia, alikwisha kunifundisha kwamba mtu ni utu.

Mwezi uliopita mpwa wangu wa miaka 14, mwenye kisukari cha aina ya kwanza, aliachishwa sindano za insulini kwa siku mbili. Mama yake, yaani dada yangu, alikuwa amenunua maji yaliyoombewa, akaambiwa kwamba kuendelea na sindano ni dalili ya kukosa imani. Tulimkimbiza hospitali akiwa hajitambui, na kwa neema ya Mungu (ulimi una mazoea yake, mnisamehe), madaktari walimwokoa. Usiku ule niliandika katika kundi la WhatsApp la ukoo wetu: “Maji haya hayatibu kisukari. Hakuna maombi yanayochukua nafasi ya insulini. Na anayeyauza anajua wazi kwamba anawadanganya.”

Baba mdogo, ambaye hata si muumini wa kanisa lililouza maji hayo, alinijibu mbele ya wote kwamba nimeumiza hisia za dini na kwamba hilo ni kosa la jinai. Naomba kujua mambo mawili. Je, ni kweli? Na hata kama sheria inaniruhusu, mpaka kati ya kukosoa mafundisho na kuwatukana watu uko wapi?

Wakili wa Gangilonga

Kamwene, Mwalimu, na pole kwa yaliyompata binti. Baba yako mdogo hakulitunga jambo hilo. Kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu kinamtia hatiani mtu ambaye, kwa nia ya makusudi ya kuumiza hisia za kidini za mwenzake, anatamka neno au kutoa sauti mwenzake akisikia, au anafanya ishara au kuweka kitu mbele ya macho yake. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi mwaka 1. Maneno hayo ni ya kikoloni, na chimbuko lake ni kifungu cha 298 cha Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860.

Hata hivyo, uzito wote wa kifungu hicho umekaa kwenye nia, na ndipo watu wengi wanapopotea. Kesi ya kusoma ni ile ya Hamisi Rajabu Dibagula dhidi ya Jamhuri. Dibagula, Mwislamu, alishtakiwa Morogoro kwa kusema hadharani kwamba Yesu si Mwana wa Mungu. Mahakama ya Wilaya ilimfunga miezi 18, muda unaozidi ule ambao kifungu chenyewe kinaruhusu, na hukumu hiyo ilizusha hasira kubwa miongoni mwa Waislamu nchini. Shauri lilipanda mpaka Mahakama ya Rufaa, na mwaka 2003 hatia hiyo ikafutwa, Jaji Mkuu wakati huo akiwa Barnabas Samatta. Mahakama iliona kwamba kutangaza unachokiamini, hata kama kinakanusha moja kwa moja imani ya jirani yako, peke yake hakuthibitishi kwamba ulikusudia kumuumiza.

Ibara ya 3 ya Katiba inaitaja Jamhuri yetu kuwa nchi isiyokuwa na dini, Ibara ya 18 inalinda uhuru wa maoni, na Ibara ya 19 inalinda uhuru wa imani pamoja na uhuru wa kuibadilisha. Kwa maoni yangu, aliye huru kuibadilisha imani ni lazima pia awe huru kueleza kwa nini aliiacha, la sivyo uhuru huo ni nusu. Kweli, Ibara ya 30 inaweka mipaka kwa ajili ya haki za wengine na maslahi ya umma, lakini mipaka hiyo haimpi kila aliyekasirika haki ya kumnyamazisha mwenzake.

Kwa hiyo sentensi zako mbili za kwanza hazinitishi hata kidogo. Ya tatu inanitisha. Hapo umeliacha fundisho na kumshika mtu, ukasema ana nia ya udanganyifu, na hilo likifika mahakamani kama kashfa utatakiwa kulithibitisha. Ukiwa na ujumbe au risiti inayoonyesha kwamba alimwambia mama aache dawa, peleka polisi.

Mfanyabiashara wa mahindi, Mlowo

Sina mengi. Mwaka 1859 mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill aliandika kwamba maoni kuwa wafanyabiashara wa nafaka wanawaua maskini kwa njaa yaachwe yachapishwe magazetini bila kuguswa, lakini mtu akiyatamka mbele ya umati wenye hasira uliokusanyika mlangoni kwa mfanyabiashara, basi anaweza kuadhibiwa kwa haki. Mimi ndimi huyo wa nafaka, na kila msimu nasikia maneno hayo hayo. Yanaudhi, lakini hayajawahi kunivunjia ghala. Mwalimu aliandika kwenye kundi la ukoo. Hakusimama mlangoni kwa mtu na vijana walioshika mawe.

Mzee wa Kanisa, Rungwe

Mwalimu, mwanangu, mimi ni Mmoraviani, na nakuambia usiombe radhi kwa sentensi zako mbili za kwanza. Wamisionari wetu walifika Rungwe mwaka 1891 na kuwakuta babu zetu wakipeleka kafara kwa Lwembe, mtawala mtakatifu wa jadi, kule Lubaga. Waliihubiri Injili dhidi ya kafara zile, tena mbele ya watu walioziona kuwa ndizo zinazoleta mvua. Kama hisia za muumini zingekuwa ukuta usiorukwa, wasingeruhusiwa kufungua kinywa. Mimi mwenyewe ni tunda la ukosoaji wa dini, basi nitamkatazaje mwingine kuikosoa yangu?

Lakini nina manung’uniko mawili. La kwanza ni saa. Dada yako usiku ule alikuwa na mtoto kitandani na hatia moyoni, nawe ukamsomea hukumu mbele ya ukoo mzima. Kwetu, jambo la namna hiyo humalizwa kwanza na watu watatu au wanne waliokaa nyumba moja. La pili ni bibi yako. Unasema alikufundisha utu, nami nasadiki, ila sidhani kwamba aliutenga utu huo na Kyala, yaani Mungu kwa Kinyakyusa. Umekata tawi, ukaondoka nalo, na sasa unatuambia kwamba mti haukuwahi kuwapo.

Muuguzi wa Makambako

Shikamoo, Mzee. Hoja ya saa naipokea kwa nusu tu. Mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza akikosa insulini, damu yake hujaa asidi, na anaweza kufa katika siku chache. Nimekwisha kuwapokea wa namna hiyo, na wengine hawakutoka. Kama katika ukoo huo kuna mzazi mwingine mwenye chupa ile ile ya maji, onyo lililocheleweshwa kwa ajili ya staha lingeweza kumkuta mtoto wake akiwa kaburini.

Jingine ni mizani yenyewe. Karibu kila stendi ya Nyanda za Juu Kusini utamkuta mhubiri mwenye kipaza sauti, naye husoma Zaburi ya 14, kwamba mpumbavu amesema moyoni hakuna Mungu. Mimi ndiye mpumbavu huyo, na husimama pale na mizigo yangu nikingoja basi la Njombe. Sijawahi kudhani kwamba akamatwe. Naomba tu nami nikijibu nisiitwe mhalifu. Nchini Nigeria, Mubarak Bala, aliyeongoza chama cha wahumanisti wa huko, alikamatwa mwaka 2020 kwa maandishi yake ya Facebook, na mwaka 2022 mahakama ya Kano ikamhukumu miaka 24. Mwaka 2024 Mahakama ya Rufaa ilipunguza kifungo hicho hadi miaka 5, akatoka Januari 2025. Hakumpiga mtu wala hakuwaambia watu wampige mtu.

Juu ya tawi na mti, Mzee, sitabisha. Nitasema tu kwamba ninapombadilishia mgonjwa shuka usiku, haniulizi nimeuchuma wapi utu wangu.

Mwalimu wa Uyole

Ndaga fijo, Mzee, na asanteni nyote. Leo nimeifuta sentensi ya tatu, na nimeandika kwenye kundi kwamba nimeifuta kwa sababu sikuwa na ushahidi wa kilichomo moyoni mwa mtu yule. Zile mbili nimeziacha. Baba mdogo amesoma na hajajibu, na kwa ninavyomfahamu hajamaliza.

Dada yangu alipiga simu kabla ya magharibi. Hatukugusa habari za maji. Aliuliza namna ya kusoma kile kipimo cha sukari walichopewa hospitali, kwa sababu namba zinamchanganya, na nimemwahidi kwamba Jumapili nitateremka Tukuyu tusome pamoja, wakishatoka ibadani.