Ruzuku ya serikali kwa kikundi cha afya na elimu: tuanzie wapi?

Katibu wa Kikundi, Busia

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake 23 katika gombolola moja (eneo la utawala chini ya wilaya) ya wilaya ya Busia, upande wa Uganda. Tangu mwaka 2019 tunawatembelea kina mama wajawazito majumbani tukiongozana na VHT, mhudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji, tunawakumbusha siku za kliniki na matumizi ya chandarua, na jioni tatu kwa wiki tunawafundisha watu wazima kusoma na kuandika katika chumba tulichoazimwa na kanisa. Kazi yote inaendeshwa kwa mchango wa shilingi 2,000 kwa mwanachama kila wiki, na mizani yetu ya kupimia watoto ni ile ya kuning'iniza, ambayo ndoano yake ilikatika tukaifunga kwa waya.

Redioni tunasikia kila mara kwamba serikali inatoa ruzuku kwa vikundi. Tulipoulizia, mmoja alitutuma kwenye PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi (eneo la utawala la vijiji kadhaa), mwingine kwenye UWEP, mpango wa wanawake wajasiriamali, na wa tatu, ambaye ofisi yake ni mkoba na simu, alitutoza shilingi 400,000 za "fomu ya ruzuku ya Marekani". Tangu siku hiyo simu yake haipatikani. Zaidi ya hayo, binti wa mwanachama mmoja anamaliza shahada yake na anatamani kuchunguza kwa nini kina mama huacha kliniki baada ya mahudhurio ya kwanza. Je, kwa kikundi kama chetu, fedha za serikali zinazotolewa bila kurejeshwa zipo kweli, na zinapatikana kwa njia gani?

Afisa Maendeleo Mstaafu, Tororo

Mama katibu, poleni kwa hizo 400,000. Nimekaa na vikundi kwa miaka mingi, na kosa ninaloliona zaidi ni kuiita kila pesa ya serikali ruzuku. PDM, iliyozinduliwa Kibuku mwezi Februari 2022, hupeleka shilingi milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka wa fedha, lakini milioni 1 inayomfikia mwananchi ni mkopo wa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, ambao huurejesha kwenye SACCO ya parishi baada ya miaka miwili ili mwenzake naye akopeshwe. UWEP nayo ni mfuko wa kuzunguka: kikundi hupewa hadi shilingi milioni 12.5, na wakirejesha ndani ya miezi 12 hawalipi nyongeza yoyote, wakichelewa wanatozwa asilimia 5. Hizo ni fedha za biashara, za kuku, za nguo, za mashine ya kusaga. Ukizitumia kununua mizani na chaki, utazirejesha kwa faida ipi? Isiyorejeshwa ninayoifahamu kwa vikundi ni ile ruzuku maalumu ya watu wenye ulemavu chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, ya hadi shilingi milioni 5 kwa kikundi, na hiyo ina walengwa wake.

Ruzuku halisi ya afya ipo, ila haiandikwi kwa jina la kikundi. Serikali kuu hupeleka fedha za PHC, yaani huduma za msingi za afya, kwa vituo vya afya, vikiwamo vya makanisa na misikiti visivyofanya biashara, na sehemu ya fedha hizo hutumika kuwafuata wananchi vijijini. Kwa hiyo, badala ya kuzunguka na andiko la mradi wilayani, kaeni na mganga mkuu wa kituo chenu cha afya cha daraja la tatu na kamati ya uendeshaji wa kituo hicho, ambayo ndani yake wamo wananchi wa kawaida, muombe ziara zenu ziingizwe katika mpango wake wa kazi. Mizani huenda ikapatikana hapo bila ninyi kuandika hata ukurasa mmoja. Kwa darasa la jioni, mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa gombolola kuhusu yale tuliyozoea kuyaita masomo ya FAL, ya watu wazima kujifunza kusoma na kuandika, ambayo sasa yako chini ya mpango wa serikali wa ICOLEW.

Angalieni pia kalenda. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na Bunge linatakiwa kupitisha bajeti ifikapo tarehe 31 Mei, lakini vipaumbele vya wilaya hujadiliwa miezi ya Oktoba na Novemba ya mwaka uliotangulia. Anayefika ofisini mwezi Mei husikilizwa kwa adabu, akapewa kiti, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Mtafiti, Wandegeya

Nitajibu sehemu ya binti. Mfuko wa Utafiti na Ubunifu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Mak-RIF, ulioanza mwaka 2019 kwa shilingi bilioni 30 kutoka serikalini, ni fedha za Uganda kwa utafiti wa Uganda. Lakini kiongozi wa mradi huwa ni mtumishi wa chuo hicho. Njia nzuri kwa binti ni kumtafuta mhadhiri wa afya ya jamii anayeshughulikia suala la kliniki za wajawazito, ajiunge naye kama msaidizi, na kikundi chenu kitajwe kuwa mshirika wa jamii. Msijidharau katika hili: daftari lenu la ziara za tangu 2019, kama mliandika tarehe na idadi, ni kitu ambacho wengi wetu mjini hatuna.

Hata hivyo, asianze kuwahoji kina mama kabla ya kibali. Utafiti unaohusu watu hupitishwa kwanza na kamati ya maadili, kisha husajiliwa katika Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Vyote viwili vina ada na vinachukua muda, hivyo viingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Mhasibu wa Miradi, Kampala

Ninakubaliana na mzee wa Tororo, ila sioni sababu ya kufunga mlango wa serikali za nje. Ubalozi wa Japani una ruzuku ya miradi midogo ya wananchi, ambayo kwa kawaida hujenga na kununua vifaa, kama madarasa au wodi, na hailipi mishahara wala gharama za kila siku. Fedha za Marekani ndizo zilizobadilika zaidi: misaada ya nje ilisimamishwa Januari 2025 na kazi za USAID, shirika lao la misaada, zikahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya huko mwezi Julai mwaka huohuo, kwa hiyo matangazo ya zamani yanayozunguka WhatsApp msiyategemee. Na ile fomu mliyouziwa haipo. Kujisajili kwenye SAM.gov, tovuti ya serikali ya Marekani, na kupata UEI, namba ya utambulisho wa kikundi, ni bure, na maombi kwenye tovuti yao ya ruzuku, Grants.gov, nayo hayana malipo. Mwenye kudai ada anauza hewa.

Kinachoangusha vikundi vingi mikononi mwangu si andiko la mradi bali majina. Wiki moja nililetewa jalada lenye kila kitu, muhtasari wa mkutano, sahihi na dole gumba za wanachama wote, barua ya LC1 (uongozi wa kijiji). Lakini neno "wanawake" lilikuwa kwenye cheti cha usajili na halikuwa kwenye akaunti ya benki. Mfadhili hawezi kutuma fedha kwa jina ambalo cheti hakilijui. Hakikisheni cheti, benki na TIN (namba ya mlipakodi) ya URA, mamlaka ya mapato, vinasomeka sawa, herufi kwa herufi.

Katibu wa Kikundi, Busia

Ahsanteni sana, wazee wangu. Nimekwenda kuangalia leo asubuhi: akaunti yetu inasomeka kama cheti, ila cheti chenyewe ni kile cha kikundi tulichopewa na ofisi ya gombolola. Je, hicho kinatosha kwa ubalozi?

Afisa Maendeleo Mstaafu, Tororo

Kwa mfuko wa mkopo kinaweza kutosha. Kwa ubalozi nisingekitegemea. Jisajilini kama CBO, yaani shirika la kijamii la mahali, chini ya Sheria ya NGO (mashirika yasiyo ya kiserikali) ya mwaka 2016. Mnaanzia kwa kamati ya gombolola, inayotoa pendekezo, na cheti hutolewa na kamati ya wilaya. Nendeni na katiba yenu na nakala ya lile daftari la ziara, na jina mtakaloandika liwe lilelile lililo benki.