Taarifa zetu mmezivujisha wenyewe, halafu mnatuambia sisi tuwe makini?

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Asiyependa kelele apite uzi mwingine.

Kuna taasisi moja ya mikopo hapa Dar. Jina naliacha kwa sasa, bado nawafuatilia na sitaki wapate pa kunikamatia. Wateja wake mliomo humu mtaitambua kwa ujumbe huu, maana tumetumiwa wote:

"Ndugu mteja, kutokana na changamoto ya kimfumo iliyojitokeza, tunakukumbusha kutotoa namba yako ya siri kwa mtu yeyote. Kuwa makini na matapeli. Asante kwa kuendelea kutuamini."

Changamoto ya kimfumo! Ujumbe mzima hausemi kilichotoka ni nini, kimetoka lini, ni cha wateja gani. Halafu wananikumbusha namba ya siri, kitu ambacho sikuwahi kuwapa na hawana. Walicho nacho ni majina yangu matatu, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), kopi ya kitambulisho mbele na nyuma, picha za pasipoti, barua ya serikali ya mtaa yenye mhuri wa mwenyekiti, karatasi ya mshahara, miamala yangu ya benki ya miezi sita, majina na namba za wadhamini wawili, kazi zao, mitaa wanayoishi. Na ramani ya kufika nyumbani kwangu. Ile ramani niliichora kwa mkono wangu, nikaweka na duka la Mangi pale kona, na mwembe wa jirani. Leo sijui iko kwenye simu ya nani.

Sasa sikieni kilichotokea kabla hata huo ujumbe haujafika.

Mdhamini wangu mmoja ni shangazi yangu, mwalimu mstaafu, anakaa Morogoro. Akapigiwa simu na kijana mwenye sauti ya kiofisi kabisa. "Shikamoo mama. Naongea na mdhamini wa..." akataja majina yangu matatu kwa mpangilio uleule wa kwenye kitambulisho. Akataja kiasi nilichokopa. Akataja tarehe ya rejesho. Akataja na mtaa wa shangazi, na kwamba alikuwa mwalimu. Kisha akamwambia rejesho la mwezi halijaingia, faini inaanza kuhesabiwa kesho saa mbili asubuhi, na jina la mdhamini litapelekwa kwa mtendaji wa kata. Ila kama akilipa leo, faini inafutwa. "Namba ya kutuma nakutumia sasa hivi mama. Jina litakalotokea ni la mhasibu wetu, usishtuke."

Shangazi akatuma laki mbili na thelathini. Jioni ndipo ananipigia mimi, tena kwa furaha: "Baba, lile deni lako la mwezi huu nimeshaliweka sawa. Wewe hangaika na ada za watoto."

Rejesho la mwezi ule nilikuwa nimeshalipa. Risiti ninayo.

Atakayekuja hapa kusema bibi kapigwa kwa ushamba wake tutakosana. Sote tunazijua zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", "mimi mwenye nyumba wako", wale wa Freemason, waganga wa kumrudisha mpenzi. Zile zinarushwa kwa maelfu ya watu ili anaswe mmoja, unacheka, unafuta. Huyu hakuwa anabahatisha. Alikuwa anasoma fomu! Fomu niliyoijaza mimi, ikagongwa mhuri mbele ya macho yangu, ikawekwa kwenye faili na watu waliosema wataitunza. Shangazi kafanya kile ambacho mdhamini yeyote mwenye utu angefanya. Kosa lake liko wapi?

Nikaenda tawini kwao. Dada wa mapokezi, mpole, wala sina ugomvi naye, akanisikiliza, akaingia ndani, akarudi na jibu: "Kaka, ofisi haihusiki na pesa iliyotumwa nje ya mfumo rasmi." Nikamuuliza, na taarifa zilizotoka nje ya mfumo rasmi mnahusika nazo? Kimya. Akatoka meneja. Huyu ndiye aliyenipandisha presha. Anasema hakuna uthibitisho kwamba taarifa zimetoka kwao, huenda simu yangu ina virusi. Simu yangu! Kazi ya shangazi, mtaa wake na tarehe ya rejesho sijawahi kuviandika mahali pamoja popote duniani isipokuwa kwenye fomu ya ofisi yake.

Nikapewa fomu ya malalamiko. Viambatanisho: kopi ya kitambulisho cha NIDA na picha ya pasipoti. Wakuu, nilicheka mpaka mlinzi akaja kuangalia. Ninalalamika kwamba kopi yangu imepotelea mikononi mwenu, mnataka nyingine?

Na hiyo kopi unaelekezwa ukaitoe steshenari ya mlango wa pili. Hebu siku moja mkiwa kwenye foleni steshenari, tazameni skrini ya kompyuta ya yule kijana. Watu wanamrushia vitambulisho kwenye WhatsApp ya dukani, "nitolee kopi mbili", anashusha, anaprinti, anaita mteja mwingine. Hafuti kitu. Skrini yote imejaa: "NIDA mbele", "NIDA nyuma", "NIDA nyuma mpya", leseni, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, mikataba ya kazi, kadi za bima. Kila aliyewahi kupita pale bado yupo. Kopi iliyofifia inatupwa kwenye boksi chini ya meza, boksi likijaa makaratasi yanakwenda kwa wauza karanga. Simlaumu kijana, hakuna aliyewahi kumwambia vingine. Ila mjue "udukuzi" tunaouogopa wa jamaa mwenye kofia gizani mara nyingi hauhitajiki. Karatasi ipo tu.

Na hapa ndipo watu hawaelewi uzito. Nywila ikivuja unaweka mpya. Kadi ya benki ikivuja unaifunga, unapewa nyingine. Namba ya NIDA ni yako mpaka unaingia kaburini. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, mwaka ukitangulia, kwa hiyo mwenye namba amepata na siku ya kuzaliwa bure. Halafu piga simu huduma kwa wateja popote pale usikilize wanachokuuliza ili wahakikishe ni wewe: majina matatu, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho. Vyote vipo kwenye kopi! Kile wanachokichukulia kuwa siri ndicho kilekile tunachokiandika kwenye daftari la mlinzi getini, gesti, ofisi ya wakala wa basi, na kila kikoba. Daftari lenyewe liko wazi mezani, ukiandika jina lako unasoma na la aliyekutangulia na namba yake ya simu.

Kuna mtu ataniambia, "lakini mkuu, siku hizi laini ni kwa alama za vidole". Ndiyo, tangu Mei 2019. Na kidole kweli hakitoki kwenye mashine ya fotokopi. Lakini wakala wa chini ya mwavuli akikuambia "hakijasoma, weka tena", ukaweka tena, ile ya pili imesajili laini ya nani? Baada ya mkasa wa shangazi nilipiga *106# nikakuta chini ya NIDA yangu kuna namba nisiyoijua, ya mtandao ambao sijawahi kuutumia. Yaani kuna mtu anatembea na laini yenye jina langu. Akimtapeli mtu kesho, polisi watakuja na ile ramani yenye mwembe.

Basi kwa walio kwenye hali kama yangu, fanyeni haya, ingawa inaniuma kwamba kazi yote inaangukia kwetu. Piga *106# leo, uone namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Usiyoitambua nenda duka la mtandao husika na kitambulisho ukaifute. Namba iliyotumika kutapeli iripoti kwenda 15040. Polisi chukua RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu chao, hata kama wanakuambia pesa ndogo, maana siku deni la ajabu likija kwa jina lako utahitaji karatasi yenye tarehe. Wapigie wadhamini wako na ndugu uliowaandika kwenye fomu yoyote, waambie kabisa: mtu akitaja deni langu, akate simu anipigie mimi kwa namba anayoijua. Hili la mwisho ndilo lingemwokoa shangazi, na ndilo ambalo ujumbe wa taasisi ungelisema mapema kama wangekuwa na aibu. Na kopi ya kitambulisho msitoe tupu. Chora kwa kalamu juu yake, ipite mpaka kwenye picha: kwa ajili ya mkopo wa fulani tu, na tarehe. Kuna ofisi watakataa. Wabishie.

Sasa twende kwenye sheria, maana kuna watu wanadhani hii nchi haina. Ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa na Rais Samia Aprili 2024, na taasisi zinazokusanya taarifa za watu zikaambiwa zijisajili. Sheria inamtaka mkusanyaji aitaarifu Tume bila kuchelewa taarifa zikivuja. Vizuri. Na mimi mwenye jina, mwenye kidole, mwenye shangazi, ananiambia nani, na ndani ya muda gani? Wenzetu Kenya sheria yao ya 2019 imeandika saa: ndani ya saa 72 Kamishna wao wa ulinzi wa taarifa awe amejua, na mwenye taarifa aandikiwe. Na wanatoza kweli. Septemba 2023 shule moja ilipigwa faini ya shilingi 4,550,000 za kwao kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi, na kampuni moja ya mikopo ya simu shilingi 2,975,000 kwa kuwatisha watu ambao namba zao ilizipata kwa watu wengine. Siyo kwamba Kenya ni peponi. Lakini mtu wa mikopo kule anajua kuna bei.

Huku Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni. Tulishangilia, kausha damu, wale wakopeshaji wa riba za kunyonya, wamepatikana. Swali langu hakuna aliyelijibu: zile simu walizokwisha kuzikomba, orodha nzima za namba, picha za vitambulisho, sura za watu wameshika kitambulisho kidevuni, zilifutwa na nani? Programu unaiondoa kwenye simu kwa kidole kimoja. Orodha iliyokwisha kuuzwa huiondoi.

Najua kuna wanaosubiri kuandika "si ulisaini vigezo na masharti". Nilisaini kwamba watanikopesha na nitalipa. Nimelipa. Hakuna mstari niliosaini unaosema shangazi yangu apigiwe simu na mwizi. Na wewe unayeandika hivyo, fomu yako ya kujiunga na kikoba iko kwenye droo ya nani?

Ninachotaka kwa hawa jamaa ni kidogo sana. Waandike kwa Kiswahili cha kueleweka kilichovuja ni nini. Wawapigie wadhamini wote, mmoja mmoja, kabla matapeli hawajawamaliza. Wamrudishie shangazi laki mbili na thelathini zake. Na waache kutunza kopi za watu waliomaliza mikopo tangu enzi hizo. Deni limeisha, ramani ya nyumbani kwangu mnaifanyia nini?

Naomba msaada kwenye mambo mawili. La kwanza, kuna aliyewahi kupeleka malalamiko Tume akafika mwisho? Nataka kujua wanahitaji vielelezo gani, maana nina risiti, rekodi ya simu ya shangazi, skrinishoti ya *106# na ule ujumbe wao wa changamoto. La pili ni kwa wanasheria: haki ya kudai fidia ipo kwenye sheria hiyo, lakini aliyetoa pesa ni shangazi na fomu ni ya kwangu. Anayesimama kama mlalamikaji ni nani, mimi, yeye, au wote wawili?

Na wasimamizi, tafadhali msiuhamishie uzi huu jukwaa la teknolojia. Mwalimu mstaafu wa Morogoro hana kompyuta.