Yule bwana anayegawa wasaidizi wa watoto wetu huku Mbeya, NIMECHOKA NAYE!

Wakuu, nimetoka ofisini kwake sasa hivi, mikono bado inatetemeka, msinirekebishe herufi.

Simtaji, mnamjua. Yule ambaye kitambi kinaingia kazini saa mbili, mwenyewe anakifuata saa nne.

Kitengo cha elimu maalumu hapa shuleni kwetu Uyole kilikuwa na dada msaidizi mmoja. Mmoja, kitengo kizima! Anawapeleka chooni, anawanywesha uji, anasukuma viti vya magurudumu kwenye tope. Wamemhamishia shule nyingine, na huko kapewa kushika funguo za stoo. Kuuliza, naambiwa ikama, yaani idadi ya watumishi iliyopangwa, hairuhusu. Stoo ndiyo yenye ulemavu?

Nikamweleza mwanangu ana mtindio wa ubongo, yuko darasa la tatu, chooni hawezi peke yake. Bwana yule, macho kwenye simu: "Si umvalishe pampasi asubuhi, mchana uje umbadilishe."

PAMPASI! Na mtoto yupo pale pale kwenye kiti chake, anasikia kila neno. Tebo ya nane anaimwaga bila kukwama, huyo ndiye wa pampasi? Akavuta sweta mpaka likafunika magoti, akaniangalia. Foleni ya wazazi mpaka kwenye ngazi, wote kimya.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ipo tangu 2010, mtoto huyu ana haki ya kusoma na kusaidiwa. Yeye jibu lake pampasi. Akavae yeye kwenye vikao vyake visivyoisha!

Mama_Isanga: Huyo huyo! Shemeji yangu aliambiwa kiti cha mtoto kinachubua sakafu mpya ya ofisi. Sakafu, jamani! Pole mwaya.

Kyela_Mchele: Mleta mada punguza povu. Nasoma pampasi, pampasi, unachotaka sijakiona.

Mleta mada: Nataka yule dada arudi. Angeambiwa mwanao mbele ya watu, ungeandika PAMPASI mpaka simu izime.

Ticha_wa_Kata: Dada pole sana, ila na sisi walimu mtuhurumie. Nimesomea elimu maalumu chuo cha ualimu Patandi, kurudi nikapewa darasa la kwanza, watoto mia na ushee, kitengoni naingia mwenzangu akiugua. Takwimu za wenye ulemavu zinajazwa, zinapanda juu. Kinachoshuka ni barua ya michango tu.

Mnyalu_Halisi: Afadhali ninyi mlikuwa naye. Huku Iringa wazazi tunachangishana kumlipa mama wa jirani awashike watoto, halafu redioni tunasikia elimu bila ada tangu 2016.

Kyela_Mchele: Umegusa penyewe! Kwetu debe la mahindi kwa kila mtoto, na maharage juu. Uji wenyewe unaona sura yako ndani.

Mama_Isanga: Debe? Sisi na hela ya kuni, na ya mlinzi.

Mleta mada: Jamani, turudi kwenye pampasi. Nani ana namba ya bosi wake?

Bajaji_Mwanjelwa: Mlinzi wa shule gani huyo? Wa kwetu analala saa moja, wameng'oa mpaka bomba la maji.

Ticha_wa_Kata: Na hilo bomba nimekatwa mimi kwenye posho. Ngoja niwafungulie uzi wake.