Tiketi ya baiskeli nimelipa, halafu nateremshwa kwenye treni!

Wakuu, naandika nikiwa bado na jazba. Niko Ujerumani mwaka wa tatu sasa. Jumapili nilikuwa narudi Berlin na baiskeli yangu kutoka pwani ya Baltiki, kwa treni ya mkoa. Tiketi ya mwezi ninayo, ya baiskeli nikakata pembeni kwa sababu ile ya mwezi haiihusu. Nimepanda, nimeifunga vizuri. Vituo viwili mbele kondakta anakuja: shuka, pamejaa.

Pamejaa nini? Behewa lina alama kubwa ya baiskeli mlangoni! Viti vya kukunja vimekaliwa na watu na masanduku yao, na hakuna aliyeambiwa anyanyuke. Angekuwa mwenye kiti cha magurudumu au mzazi mwenye kigari cha mtoto ningeshuka mwenyewe, hao wana haki ya kwanza na ni sawa kabisa. Lakini masanduku? Namwonyesha tiketi, ananijibu kuwa haikuhakikishii nafasi. Kweli masharti yanasema hivyo. Sasa mnaniuzia nini?

Kwetu konda atakukamua hela ya mzigo, mtabishana weee, ila mkishaelewana baiskeli inafungwa juu ya keria na mnafika wote.

Treni iliyofuata ni baada ya masaa mawili, nayo ikaja imejaa. Nikaendesha kilomita 31 gizani, barabara ya vijijini isiyo na njia ya baiskeli. Sheria tangu 2020 inamtaka dereva anayekupita aache mita 1.5 mjini na mita 2 nje ya mji. Mita mbili! Magari yalinipita karibu kiasi cha kugusa kioo. Upepo wa lori moja ulinisukuma mpaka kwenye majani. Na taa nimewasha mbele na nyuma, kizibao cha kuakisi nimevaa. Nilisimama pembeni mikono inatetemeka, namuwaza mwanangu.

Tuliokulia nchi za kuendesha kushoto mnajua, ukichoka mwili unarudi kushoto wenyewe. Na huku kwenye njia panda isiyo na alama anayetokea kulia kwako ndiye anayepita kwanza, hata akitoka kichochoroni. Usiku, ukiwa umechoka, hapo ndipo watu wanagongwa.

Nimeshaandika barua kudai hela yangu. Waliowahi kurudishiwa, mlipitia wapi? Na wenye baiskeli za kukunja, zinahimili safari ndefu? Maana zikikunjwa zinapanda bure kama mzigo.