Lenzi ya 100x ya hadubini: seli za shavu zinafifia, mitokondria sizioni

Utando: Wakuu, natazama seli za shavu zisizotiwa rangi. Kwa 40x kiini kinaonekana safi. Nikiweka mafuta na kuhamia 100x picha inafifia, kava slipu (kioo chembamba cha juu ya sampuli) inateleza, mitokondria hakuna. Nikibana diaframu (tundu la kupunguza mwanga) ya kondensa, ile lenzi ya chini ya slaidi, mistari inakolea, ila kila ukingo unajirudia mara mbili. Shida ni lenzi au sampuli?

FundiLenzi: Anza na sampuli, mkuu. Lenzi hiyo hufokasi ikiwa imebakiza sehemu ndogo tu ya milimita juu ya kava slipu, kwa hiyo maji yakizidi chini ya kioo seli zinakuwa mbali mno, na mafuta yanakivuta kioo kinachoelea. Gusisha karatasi ya chujio ukingoni inyonye maji mpaka kava slipu itulie, ziba pande zote kwa rangi ya kucha, ikauke ndipo uweke mafuta.

Kingo kujirudia ni diaframu uliyoibana mno. Chomoa lenzi ya jicho, chungulia kwenye mrija: mwanga ujaze kama robo tatu ya duara. Ukiona duara jeusi linalosogea humo, hicho ni kiputo cha hewa kwenye mafuta. Futa kwa karatasi ya lenzi, weka tone jipya. Na tafadhali, usirudi 40x slaidi ikiwa na mafuta! Lenzi nyingi "mbovu" za 40x zimepakwa mafuta tu.

Nanomita: Ukubwa si kikwazo. Kwa NA (kipimo cha lenzi kukusanya mwanga) ya 1.25 na mwanga wa nanomita 550, ukomo wa kitu kidogo unachoweza kukitofautisha ni 0.61 × 550 ÷ 1.25, karibu nanomita 270. Mitokondria ina upana wa 500 hivi. Haionekani kwa sababu haina rangi. Tumia hadubini ya tofauti ya fezi (huonyesha vitu visivyo na rangi; ilimpa Zernike Nobeli mwaka 1953), au rangi ya Janus green B, ambayo mitokondria hai huishikilia. Methilini bluu itakuonyesha kiini zaidi.

Seli za shavu nazo ziache, zile za juu zimeshachakaa. Bandua ngozi ya ndani ya kitunguu, ni safu moja ya seli. Fokasi chini kidogo ya ukuta utaona vitone vikisafiri, baadhi yake ni mitokondria.

Utando: Kiputo kilikuwepo kweli. Kondensa nayo iwekwe mafuta?

FundiLenzi: Kama imeandikwa NA 1.25, ndiyo, ukitaka ukomo ule. Ikiwa kavu haivuki 1.0, na ukomo unapanda hadi nanomita 300 hivi. Kwa mitokondria za kitunguu acha kavu, usijisumbue kusafisha.