Naomba ushauri: nimthibitishieje mhasibu kwamba ubora wa upasuaji unalipa?

Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, hospitali moja hapa Dodoma. Tumeandika mpango mdogo: kutumia orodha ya WHO ya usalama wa upasuaji bila kuruka kipengele, kuwafuatilia kwa simu kina mama waliojifungua kwa operesheni hadi siku ya 30, na kuajiri karani mmoja wa takwimu. Mhasibu kauliza swali moja tu: "Faida iko wapi?"

Nikamtajia utafiti wa orodha hiyo uliochapishwa 2009, miji minane duniani, Ifakara yetu ikiwemo: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, matatizo baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Akasema hizo ni roho za watu, si shilingi. Nilichukia, ila ana hoja.

Gharama za mpango nazijua: mshahara, vocha, mafunzo. Upande wa pili ndio mgumu. Kidonda kikipata usaha, mama anaongezewa siku wodini, antibayotiki, gozi, pengine anarudishwa mezani. Siku moja ya kitanda niihesabu shilingi ngapi, wakati muuguzi analipwa vilevile kiwe na mtu au kitupu? Na ndugu aliyetoka Kondoa kuja kuuguza, gharama yake naiweka au naiacha?

Tena operesheni zetu ni chache. Maambukizi yakipungua mawili matatu kwa mwezi, nitajuaje si bahati? Aliyewahi kupitisha bajeti ya namna hii anielekeze, hata inboksi. Kikao ni wiki ijayo.