Freeciv: miji 5, maktaba kila mahali, na bado utafiti unatambaa

Kobe_Kayole
Wasee, nacheza Freeciv, ule mchezo wa kompyuta wa kujenga himaya, kwa kanuni za classic. Raundi ya 70: miji 5, kila mmoja na maktaba, sayansi 60% ya biashara, yaani kiwango cha juu kabisa chini ya utawala wa kiimla. Teknolojia moja inachukua raundi 12 na hazina inavuja. Vibarua wanamwagilia nyika yote ya majani. Nianze kurekebisha wapi?

Mhasibu_Umoja
Sayansi hutoka kwenye alama za biashara za vigae (miraba ya ramani). Maktaba huongeza tu 50% juu ya kilichopo. Mji wa balbu (pointi za utafiti) 2 ukijengewa maktaba unapata balbu 1 zaidi na kulipa dhahabu 1 ya matunzo kila raundi. Hiyo ndiyo inayovuja, na hazina ikiisha mchezo utaanza kukuuzia majengo.

Shida yako ni miji michache. Kigae cha katikati ya mji hufanya kazi bila mtu, kwa hiyo mji wa watu 8 hutumia vigae 9, lakini miji minne ya watu 2 hutumia 12. Na huo wa watu 8 haukui tena bila mfereji wa maji. Walowezi wa kuanzisha mji mpya ni ngao (pointi za ujenzi) 30 na mtu mmoja tu. Pwani kwanza: kila kigae cha bahari kina biashara 2.

Fundi_Ruaraka
Hao vibarua wasimamishe leo. Chini ya utawala wa kiimla, kigae kinachotoa zaidi ya 2 ya kitu chochote hukatwa 1. Majani yana chakula 2, ukimwagilia yanakuwa 3, yanakatwa, unarudi 2. Jasho la bure. Tambarare kavu sawa, zinatoka 1 hadi 2. Majani yapitishie barabara, upate biashara 1 kwa kila kigae.

Wanjala_wa_Jamhuri
Na uondoke kwenye uimla haraka. Tafiti alfabeti, sheria, uandishi, kusoma na kuandika, kisha jamhuri. Ni hatua tano, na kwa kuwa una maktaba, alfabeti na uandishi unavyo tayari. Jamhuri huongeza biashara 1 kwenye kila kigae chenye angalau 1: bahari inakuwa 3, barabara ya majani inakuwa 2. Sayansi unaweza kuifikisha 80%. Watu wakinuna, weka anasa 10% au 20%.

Mhasibu_Umoja
Hapo sikubaliani kabisa. Akiwa na jirani mkorofi, kila askari anayetoka nje chini ya jamhuri anazalisha mtu mwenye hasira nyumbani. Ufalme unahitaji alfabeti, sheria, ibada za mazishi na ufalme wenyewe, na askari hadi watatu ndani ya mji wanatuliza mtu mmoja mmoja. Ufisadi, yaani biashara inayopotea katika miji ya mbali, utabaki (humu hakuna tume ya kupambana nao, kuna mahakama tu, inaupunguza kwa nusu).

Kobe_Kayole
Jirani yuko kisiwa kingine, hajaonekana. Je, ninunue walowezi kwa dhahabu?

Wanjala_wa_Jamhuri
Basi jamhuri, hakuna mjadala.

Fundi_Ruaraka
Kununua kuna hesabu yake. Kwa jengo, bei ni ngao zilizobaki mara 2, ongeza mraba wake uliogawanywa kwa 20. Zikibaki 40 ni 80 + 80 = dhahabu 160. Zikibaki 20 ni 40 + 20 = 60. Ghala la ngao likiwa tupu kabisa bei huwa maradufu, hizo 40 zikawa 320. Kwa hiyo usinunue kamwe raundi ya kwanza, subiri hata ngao moja iingie. Vikosi, walowezi wakiwemo, ni ghali maradufu ya majengo, hivyo nunua zikibaki ngao 5 au 10 tu. Tena usibadilishe kazi kutoka jengo kwenda kikosi katikati ya ujenzi, nusu ya ngao hupotea.